Namba Niliyompa Bienfait

Mama Bienfait alinitumia neno kwamba atakuja Jumanne, akishamaliza kuuza maharage yake sokoni Karuba, na kwamba nisijisumbue kupika. Nilipika. Alikuwa anakuja kuona jina la mtoto wake. Familia ilikuwa imekubaliana kwamba wiki inayofuata watamaliza kilio kilichobaki wazi zaidi ya miaka ishirini: watazika mgomba mahali pa mwili, kwa kuwa mwili haukuonekana, na baada ya hapo mama aache kumngojea mtu njiani. Picha ya Bienfait hakuwa nayo hata moja, ziliungua pamoja na nyumba. Mtu akamwambia kwamba jina la mwanawe bado limo ndani ya mashine moja ya mchezo kwangu. Ni kweli limo. Ni mimi niliyeliandika, na pembeni yake niliandika namba iliyomtoa kwao, na jambo hilo mama huyo hakulijua. Nilikuwa na siku nne za kuamua kama nitamwambia kabla hajauzika ule mgomba.

Niseme kwanza habari ya chumba changu, maana watu wanakisema sana. Wananiita Mama Manette, kwa ajili ya manette, kile kidude cha kushika mikononi unapocheza. Nina mashine za zamani kumi na moja, zimelala rafuni chini ya blanketi kwa sababu ya unyevu wa Masisi, ambao hauna huruma na chuma wala na mtu. Moja ya kijivu kifuniko chake nimekifunga kwa mpira wa baiskeli. Nyingine nyeusi ni ya kutumia kaseti, na kaseti zake lazima uzipulize kama mtu anayepoza chai. Vita ilipotufukuza mara ya mwisho, majirani walikimbia na mbuzi na magodoro, mimi nikabeba mashine mbili ndani ya gunia la viazi, na hadi leo jirani yangu ananiuliza zilipikwa na nini. Namwacha acheke. Wageni wanadhani napenda michezo, nami kwa muda mrefu nilijibu hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba ninalinda kitu kimoja, kadi ndogo ya kuhifadhi mchezo, nyembamba kuliko kiberiti. Kadi hiyo haisomwi na kitu kingine isipokuwa mashine ya aina yake, na mashine za aina yake zinakufa. Kila nilipoona moja sokoni, Sake au Goma, niliinunua kwa woga. Ndivyo nilivyojikuta mkusanyaji.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, nikikaa Bihambwe kwa Mama Adela kwa ajili ya shule. Mama Adela alikuwa na kinu cha mota, cha kusaga muhogo na mahindi, na nyumba yake yote iliishi kwa kufuata kinu hicho. Jikoni unga ulikaa juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa. Bugali wetu ulinukia kidogo mazuti, yale mafuta ya mota, na nilipokwenda kula kwingine niliona kama umepungukiwa chumvi. Nyuma ya kinu kulikuwa na chumba cha mbao ambamo mdogo wake, kaka Safari, aliweka televisheni na ile mashine ya kijivu aliyotoka nayo Goma. Umeme ulitoka kwenye mota ya kinu. Kinu kikisaga, tunacheza. Akina mama wakimaliza, picha inakatika hata kama mpira uko mstarini. Kwa hiyo vijana wa Bihambwe wakageuka watu wa huruma ghafla. Walikwenda kuwapokea akina mama njiani na kuwabebea muhogo, wakawauliza kama nyumbani hakukubaki kingine cha kusaga. Baba mmoja alilalamika kwamba maharage yake pia yamesagwa. Kupitia nafasi za mbao tuliwasikia akina mama wakingoja zamu: nani amejifungua, barabara ipi imefungwa, nani analala porini tena na kwa nini. Sisi tuliongeza sauti ya televisheni.

Mashine yenyewe ilikuwa imechoka tangu Safari aliponunua. Haikusoma diski mpaka uigeuze kichwa chini, na hata hivyo ilianza kwanza kukoroma. Mchezo ulikuwa wa mpira wa miguu, na ndani yake kulikuwa na sehemu ambapo unaweza kufuta majina ya wachezaji wa Ulaya na kuandika yako: jina, umri, urefu, mguu wenye nguvu, kisha msururu wa namba, mwendo, nguvu, na ile waliyoiandika endurance, sisi tukaiita pumzi. Safari alisema tuandike timu ya Bihambwe. Nikapewa mimi kazi hiyo, msichana peke yangu, kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa shuleni. Sijui kama kuna kazi niliyoipenda kuliko hiyo hadi leo. Sikutaka kubuni. Niliazima saa ya katekista, nikawakimbiza vijana kutoka kanisani hadi kinuni na kurudi, mara tatu, na ile mara ya tatu ndiyo niliyohesabia pumzi. Nilipima urefu wao kwenye mwimo wa mlango kwa kisu. Alama zile zilibaki mlangoni hata baada ya wenyewe kuondoka. Walikuja mmoja mmoja kunibembeleza, na mimi, niliyekuwa sina cheo chochote duniani, nikawa hakimu.

"Espe, miye unanipa sabini?" Janvier aliniuliza mbele ya wote. Alikuwa kijana mnene wa mabega, mwenye hasira za karibu. "Mutu wa kupandisha gunia mbili ya viazi mpaka Mushaki?"

"Ulisimama mara mbili pale ku mupando."

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

"Mara mbili?"

Wakacheka, naye akaacha kusema na mimi kwa mwezi mzima. Safari akanitetea, na kwa kunitetea akanitaka niape. Nikaapa, mkono juu ya televisheni, kwamba sijamwongezea mtu hata moja. Nilikuwa nimeshaongeza.

Bienfait alikuwa na miaka kumi na sita na pumu. Alikaa juu ya gunia mlangoni, uso nje, kwa sababu vumbi la unga lilimfunga kifua, na akatazama mchezo kwa kugeuza shingo. Mama yake alimvukizia majani ya mkalitusi, kwa hiyo ulijua amefika kabla hujamwona. Hakusema sana. Alikuwa na tabia ya kumalizia sentensi zangu kimya, kwa midomo tu, nami nilikuwa nazungumza zaidi ili nimwone akifanya hivyo. Siku ya majaribio aliomba kukimbia pamoja na wengine, nikamkatalia, akakimbia hata hivyo, na kutoka kanisani alirudi akitembea, mkono ukutani mwa kila nyumba. Kwa haki ningempa thelathini. Nilimwandika kipa, maana hakuna anayefungua ukurasa wa kipa kuangalia pumzi yake, na pale nikaweka tisini na tano. Nilimpenda, ndiyo sababu, wala sina nyingine ya kuongeza. Nilimwita aone, wenzetu walipokuwa nje. Alicheka mpaka akakohoa.

"Huyu njo mutu mwingine, Espe."

"Ndani ya mashine hakuna vumbi," nikamjibu.

Komanda alikuja mchana wa siku ya kusaga. Jina lake sitaliandika, na kundi lake limebadilisha majina mara nyingi kiasi kwamba hata nikiandika halitamsaidia mtu. Mwaka ule watu wake wenye bunduki walikaa mlimani juu yetu, wakashuka kununua chumvi na kulipa, na tulikuwa tumeanza kuwaamkia. Alivua buti zake za mpira mlangoni bila kuambiwa, akala bugali na sombe, majani ya muhogo ya Mama Adela, akamshukuru. Kisha akaomba kucheza. Alicheza vibaya sana, akafungwa na Janvier mabao sita, akacheka kwa moyo mweupe. Alipoona majina kwenye kioo akaweka manette chini.

"Hii majina iko ya watu wa hapa?"

"Wote ni wa hapa, Komanda," nilisema kabla Safari hajafungua kinywa.

"Na hii namba inasema nini?"

Nikamweleza. Mtu mzima, mwenye saa yake mwenyewe mkononi, alikuwa ananiuliza kuhusu kazi yangu na kungoja jibu. Nikamfungulia kurasa moja baada ya nyingine: huyu ana miaka kumi na minane, mrefu, ana mbio, huyu anatumia kushoto, huyu hachoki. Alimwita kijana wake aliyebaki nje na daftari la shule. "Andika," akamwambia, na kijana aliposhindwa na jina moja, mimi nilimtajia herufi. Nyuma ya mbao maneno ya akina mama yalikatika. Nilisikia ukimya ule na nikaufurahia, nikadhani wananisikiliza. Kisha kinu kikazimika ghafla, na kioo kikawa cheusi. Mama Adela aliingia akipangusa mikono, akasema mkanda umekatika, leo hakuna tena kusaga. Alinitazama machoni. Mimi nilikasirika, maana tulikuwa tumebakiza wachezaji wanne. Nikamwambia Komanda asijali, ninawakumbuka kichwani. Nikawataja. Wa mwisho alikuwa kipa, na ningeweza kumwacha, au kumpa thelathini yake. Lakini Safari alikuwa amesimama pale, nami nilikuwa nimeapa mbele yake kwamba kilichoandikwa ndicho cha kweli. "Bienfait," nikasema. "Pumzi, tisini na tano."

Jioni hiyo mkanda wa kinu ulikuwa mzima kabisa. Mama Adela hakunipiga. Alizunguka nyumba kwa nyumba bila taa, na asubuhi vijana wengi wa timu yangu walikuwa wameshashuka kuelekea Sake. Bienfait hakuna aliyemficha. Nani angemtaka? Baridi ya usiku porini ingemmaliza, akasema mama yake, na kwa utulivu huo huo akaondoka siku mbili baadaye kwenda upande wa Walikale kutafuta mawese. Hakuwepo Ijumaa walipokuja. Walikuja na daftari. Walisimama uwanjani mbele ya kinu wakasoma, na waliokuwa wamebaki wakatoka, wanne, maana kila aliyesomwa jina alikuwa na wadogo na nyumba ya kuchomwa. Janvier alitoka. Bienfait alitoka akikohoa, na Komanda akamwangalia kutoka miguuni hadi kifuani. Hakuamini. Akanitafuta kwa macho kati ya watu, akaniona.

"Huyu njo ile ya tisini na tano?"

Nimeishi na swali hilo kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Neno moja lilitosha: hapana, nilimwongezea. Safari alikuwa karibu yangu, wale niliowanyima namba walikuwepo, akina mama wa foleni ya kinu walikuwepo, na nikisema hapana wote watajua kwamba niliapa uongo, na kwa ajili ya nani. Niliona aibu. Watu wanadhani dhambi kubwa hutoka kwenye chuki au woga wa bunduki. Yangu ilitoka kwenye aibu ya msichana. Bienfait alikuwa ananitazama, na midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, kama alivyofanya alipokuwa anamalizia sentensi zangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Janvier alirudi baada ya mwaka na nusu. Alisema walibebeshwa mizigo kuelekea Buleusa, na siku ya tatu, kwenye mupando mrefu wa kukwea mlima msituni, Bienfait alikaa chini akiwa hana pumzi. Wakakatazwa kumngojea. Walipopinda kona alikuwa bado amekaa. Janvier alimweleza mama hayo yote kwa heshima na hakutaja daftari, na wala mimi hakunitaja, sijui kwa wema au kwa kuchoka. Mama Adela aliniambia, "Funga kinywa," nikafunga, na sasa yeye amefariki, waliokuwepo uwanjani wametawanywa na vita, na Safari yuko mbali. Alipokuwa anahama aliniachia mashine na ile kadi. Alisema hataki kuiona tena. Nilishaichukua mara nyingi mkononi nikiwa karibu na moto. Nikikaa na mashine za wengine naweza kucheza hadi panakucha. Timu ya Bihambwe sikuwahi kuifungua, nilihakikisha tu kwamba kadi inasomeka, kisha nikazima.

Jumanne Mama Bienfait alifika na kikapu chake kikiwa na maharage yaliyobaki, akaniwekea kilo bila kuniuliza. Amekuwa mdogo. Tulikula bugali na samaki wa kukausha, akasema habari za soko, mvua, mjukuu wake anayekataa maziwa. Nilijibu kila kitu. Betri ya jua ilikuwa imejaa. Nikatoa ile ya kijivu, nikaigeuza kichwa chini, akashangaa.

"Unailalisha kichwa chini?"

"Bila hivyo haisomi, Mama. Imezeeka."

"Basi tuko wawili," akasema, na tukacheka kidogo.

Jina likaja. Hajui kusoma sana, lakini jina hilo alilijua, akaligusa kwenye kioo kwa kidole, herufi moja moja. Akataka nimsomee yote. Nikasoma umri, nikasoma urefu, akasema ndiyo, alikuwa wa pale pale begani kwake. Nikasoma mguu wa kulia. Nikaishia hapo.

"Na ile ya chini?"

"Ni namba, Mama."

"Iko ya nini?"

"Iko ya pumzi. Tisini na tano."

"Na inaishiaka ku ngapi?"

"Ku tisini na tisa."

Alikaa akiitazama. "Bienfait alikuwaka na pumu," alisema polepole, kama anayemsahihisha mtoto. "Nani aliandika?"

Nikamwambia. Nilianza na saa ya katekista na sikusimama mpaka pale nilipoitikia kwa kichwa. Nilimwambia pia kwamba nilimpenda, nikaona lilivyo neno dogo ndani ya chumba kile. Hakulia. Mikono yake ilikuwa magotini, na alikunja kona ya kitenge, akaikunjua, akaikunja tena. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Kisha alielekeza kidevu kwenye kioo.

"Acheze. Nione."

Nikafungua mchezo. Akamtafuta, nikamwonyesha golini, mtu mdogo mwenye jezi ya njano.

"Juu ya nini anasimama tu?"

"Iko kipa, Mama."

"Mutoe pale. Alikuwa anapenda kukimbia."

Nikasimamisha mchezo, nikamtoa golini, nikamweka pembeni, winga ya kulia. Akakimbia. Alipanda na kushuka uwanja mzima, na chini ya jina lake kulikuwa na mstari wa kijani unaoonyesha pumzi iliyobaki. Ya wengine ilikuwa inafupika. Wa Janvier ulifika nusu kabla ya mapumziko, ile sabini yake niliyomkatalia kuongeza. Wa Bienfait haukusogea. Sikumwacha asimame. Nilimpeleka mbele, nikamrudisha, nikampeleka tena, kwa kuwa mama yake alikuwa amesogea mpaka magoti yakagusa meza, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

"Hachoki," alisema.

"Hachoki, Mama. Ni ile namba."

Tukafika kipindi cha pili. Sijui alikuwa anaona uwanja au ule mupando wa Buleusa. Alinyoosha mkono akanishika kiwiko, si kwa nguvu.

"Zima, Espe," akasema. "Mutoto amechoka."

Mstari wa kijani ulikuwa bado umejaa. Nikazima.